Jeshi lenye kila mutu analisaidia, na hakuna mwenye anataka likuwe na nguvu

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa mouvement, Beni, Septemba 2025. Tunayaweka hapa kwa wale wenye hawakuweza kufika.)

Asante kwa wale wenye walitembea kwa miguu mpaka hapa, na asante kwa wale wenye wamesimama kule nyuma juu viti vimekwisha. Mimi niko na diplome ya mahusiano ya kimataifa na sina kazi, kwa hiyo wakati niko nao mwingi, lakini najua nyinyi hamuna. Nitajaribu kufupisha.

Waliniomba nizungumuze juu ya misaada ya kijeshi kutoka inje. Najua wengi walifikiri nitaanza na Uganda, kisha Monusco, kisha Washington. Hapana. Hapa kwetu kila mutu iko na jibu lake mufukoni kabla swali halijaulizwa. Ukisema tu jina la jeshi la jirani fulani, nusu ya chumba inasimama na nusu ingine inakaa kimya. Kwa hiyo nimechagua inchi yenye hakuna mutu hapa iko na mujomba wake kule, ili tuweze kufikiri kwanza na kukasirika kisha.

Inchi hiyo ni Lebanoni, Liban kama tulivyosoma ku masomo. Wenye kusoma Biblia mutakumbuka mierezi. Wenye waliishi Kinshasa ao Lubumbashi mutakumbuka magazini. Ni inchi ndogo sana: kilometre za mraba 10452. Kivu ya Kaskazini peke yake inaweza kuimeza mara tano na nafasi ikabaki. Lakini mu hiyo nafasi ndogo serikali inatambua vikundi vya dini 18. Na hesabu ya watu ya mwisho ilifanyika mu 1932, Wafaransa wangali wanatawala. Sisi tunajicheka juu hesabu yetu ni ya 1984! Tofauti ni kwamba wao hawakukosa feza ya kuhesabu. Wanaogopa kuhesabu. Ukihesabu, utajua nani ni wengi, na ukijua nani ni wengi, viti vyote vitapaswa kugawanywa upya.

Juu hesabu hiyo njo ilijenga serikali. Mu 1943, wakati wa uhuru, wakubwa wa Wakristo Wamaroni na wakubwa wa Waislamu Wasuni walipatana kwa mudomo tu, bila karatasi: raisi atakuwa Mumaroni, waziri wa kwanza atakuwa Musuni. Kiti cha mukubwa wa bunge kikakuwa cha Mushia. Mu bunge, viti sita vya Wakristo kwa viti tano vya Waislamu. Hata komanda wa jeshi, kwa desturi, anatoka kwa Wamaroni. Munaona? Mutoto akizaliwa, kazi yenye anaweza kuota imeshaandikwa ku dini ya baba yake. Na mutu akishaanza kula kupitia dini, atailinda hiyo dini hata kama yeye mwenyewe haombi Mungu.

Tarehe 13 Aprili 1975, mu kartie ya Ain el-Remmaneh pale Beirut, watu walipiga risasi basi yenye ilibeba Wapalestina. Vita ikaanza, ikachukua miaka 15, watu karibu 150000 wakafa. Sitaeleza vita yote, hata Walebanoni wenyewe hawajaweza kuieleza: mu vitabu vya historia vya masomo yao habari inasimama karibu na uhuru. Kile ninataka mushike ni mambo yaliyofikia jeshi. Mu 1976 lilipasuka. Luteni moja, Ahmed al-Khatib, alitoka na maaskari, wengi Waislamu, akaunda jeshi lake. Wakristo wengi wakaenda na wanamugambo wa upande wao. Kambi hii ikakuwa ya huyu, gala ya silaha ikakuwa ya yule. Inchi ikabaki bila jeshi, na jirani akaingia mwaka huo huo, akisema anakuja kusaidia. Jirani huyo ni Siria. Alikaa miaka 29.

Sasa sikilizeni hii ya 1982, ni hapa ningependa tukae kidogo.

Mwaka huo Israeli iliingia mpaka Beirut. Marekani, Ufaransa na Italia, kisha Uingereza, wakatuma maaskari wao kulinda amani. Wamarekani wakaanza kulijenga upya jeshi la Lebanoni: mafunzo, bunduki, magari. Ku karatasi mupango ulikuwa muzuri. Lakini raisi wa wakati huo, Amin Gemayel, alitoka mu chama cha Wakristo chenye kilikuwa na wanamugambo wake. Jeshi lilipotumwa kupigana mu milima ya Chouf na mu makartie ya Washia kusini ya Beirut, watu hawakuona jeshi la taifa. Waliona wanamugambo wa raisi wenye kuvaa uniforme mupya. Manowari za Marekani zikapiga mabomu milimani kusaidia jeshi hilo, na tangu hapo Wamarekani hawakuwa tena walinzi wa amani, walikuwa upande mumoja wa vita. Tarehe 23 Oktoba 1983 lori yenye kujaa baruti ikaingia mu kambi yao: wafu 241. Asubuhi hiyo hiyo, Wafaransa 58. Mu Februari 1984 maaskari wa brigade ya sita, wengi wao Washia, wakakataa kupiga ndugu zao, wakapita upande wa Amal, kikundi cha Washia. Mu siku chache tu, jeshi lenye lilijengwa na dola lilikuwa vipande. Wamarekani wakapanda meli.

Kosa halikuwa ku silaha. Silaha zilikuwa nzuri kuliko za kila mutu. Kosa ni kwamba jeshi lenye kila dini iko ndani lilipewa kazi ya dini moja.

Vita iliisha na mapatano ya Taif, muji wa Saudia, mu 1989. Bunge likagawanywa nusu kwa nusu, leo viti 128. Wanamugambo wakaambiwa waweke silaha chini. Mu 1991 sheria ikawapa musamaha, na wakubwa wao wakavua uniforme wakavaa kravati. (Naona munacheka. Mucheke tu.) Nabih Berri, mukubwa wa Amal, ni mukubwa wa bunge tangu 1992 mpaka leo ninaposema. Na jeshi likachanganywa: brigade zenye zilikuwa za dini moja moja zikavunjwa, maaskari wakatawanywa. Sisi tuko na neno la hiyo, tuliita brassage, na kila mutu hapa anajua namna iliishia kwetu. Kwao, mu kweli, ilishika kuliko vile mutu angefikiri. Leo ukitafuta kitu kimoja mu Lebanoni chenye Mukristo, Musuni, Mushia na Mudruzi wanalala mu nyumba moja na kula ku sahani moja, ni jeshi. Bunge hapana. Hata timu za basket ziko na dini.

Kikundi kimoja hakikuweka silaha: Hezbollah, cha Washia, chenye kilizaliwa mu ile vita ya 1982 kwa musaada wa Iran. Walisema Israeli ingali inakalia kusini, na ilikuwa kweli, Israeli ilitoka Mei 2000 tu. Lakini Israeli ilipotoka, silaha zilibaki. Mu 2004 Baraza la Usalama likasema, mu azimio 1559, wanamugambo wote wavunjwe. Mu 2006, kisha vita ya siku 34 kati ya Hezbollah na Israeli, azimio 1701 likarudilia maneno. Mu Mei 2008 serikali ilijaribu kugusa mitambo ya simu ya Hezbollah, na wanamugambo wao wakashika Beirut ya magaribi. Jeshi likakaa pembeni. Watu wengi walilitukana siku hiyo. Mimi nafikiri komanda, Michel Sleiman, alikuwa anakumbuka 1984. Mbele mwezi huo uishe akawa raisi, kwa mapatano yenye yalifanyikia Doha.

Taif, Doha. Inchi yenye kupatana na nafsi yake mu hoteli za watu wengine. Sun City, Nairobi, Luanda, na sasa Doha tena: tunazijua hizo hoteli.

Tuingie ku feza.

Tangu 2006 Marekani imetoa zaidi ya dola miliari 3 kwa jeshi la Lebanoni. Ni musaada mukubwa, na haukupotea wote. Mu Agosti 2017 jeshi lilifukuza watu wa Daesh ku mupaka wa Siria, upande wa Ras Baalbek, na lilifanya kazi nzuri. Walipewa magari ya vita Bradley 32, walipewa ndege sita za Super Tucano, zile za propela, zenye kufaa kupiga kikundi chenye kujificha mulimani. Lakini mufungue kasha muangalie chenye hakimo. Hakimo chombo hata kimoja cha kuzuia ndege ya vita isipite juu ya Beirut. Tangu 2008 sheria ya Marekani inasema silaha zenye kuuzwa mu eneo lile zisipunguze ubora wa kijeshi wa Israeli. Basi jeshi linaweza kumukamata mwenye kuingia kwa miguu, lakini mwenye kupita juu kwa ndege linamutazama tu, kama vile wewe na mimi tungemutazama. Na kila ndege ikipita, Hezbollah haihitaji kufanya propaganda. Inamuuliza tu muzee wa kijiji cha kusini: jeshi lako litakulinda na nini?

Hapa ule mupango unajifunga wenyewe. Wanasema jeshi liwe na nguvu ili Hezbollah iweke silaha. Kisha wanalipatia nguvu yenye kupimwa, isipite pale yenye ingemufanya mutu wa kusini asiihitaji Hezbollah.

Upande mwingine kuna Saudia, na hii habari ninaipenda juu iko wazi sana. Desemba 2013, Sleiman anatangaza ku televizio: Saudia inatoa dola miliari 3 kwa jeshi, za kununua silaha kwa Wafaransa. Kila mutu anafurahi: Saudia juu inapinga Iran, Ufaransa juu itauza, jeshi juu litapata. Silaha za kwanza zinafika Aprili 2015. Januari 2016 Saudia inamuua kwa hukumu shehe Mushia, Nimr al-Nimr. Mu Teheran watu wenye hasira wanachoma ambasade ya Saudia. Inchi za Waarabu zinakutana Cairo kuilaumu Iran. Waziri wa mambo ya inje wa Lebanoni anakataa kukubali, juu ndani ya serikali yake kuna mawaziri wa Hezbollah. Mu Februari feza inakatwa. Yote, na miliari 1 ingine yenye iliahidiwa polisi na walinzi wa ndani. Mufikiri askari kule ku mupaka mwenye alikuwa anangojea bunduki. Ameikosa juu ya neno moja mu mukutano wa Cairo, na yeye hata hakualikwa.

Ukiletewa musaada wa kijeshi, usiulize kwanza ni dola ngapi. Uliza nani anaweza kuukata, na siku gani, na kwa sababu gani. Mwaka 2019 tena, dola milioni 105 za Marekani kwa jeshi hilo zilikwama Washington, zikatolewa Desemba. Unajua ni wakati gani zilikwama? Wakati vijana wa Lebanoni walikuwa barabarani na jeshi lilikuwa katikati yao na wanamugambo.

Tuseme kidogo juu ya wale vijana, ni kama sisi. Oktoba 2019 serikali ilitaka kulipisha kodi ku simu za WhatsApp. Ilikuwa tone la mwisho. Tangu tarehe 17 watu wakatoka mu miji yote, na neno lao lilikuwa «Kellon yaani kellon», wote, yaani wote. Musikie hilo «yaani»: ni letu pia, tulilipata kwa Waarabu. Maana yake ni kwamba hakuna mukubwa mwenye kuokolewa, hata wa dini yangu. Tarehe 27 walishikana mikono kutoka Tripoli, kaskazini, mpaka Tiro, kusini, kilometre karibu 170. Kitu kipya hakikuwa wingi wa watu. Kipya ni kwamba Musuni alimutukana mukubwa wa Wasuni, Mushia naye wa Washia. Hiyo njo iliwaogopesha. Na kila mukubwa akarudi kwa watu wake kuwaambia: mukitembea na wale, wale watakula na nyinyi mutabaki. Tunajua hiyo wimbo, hapa inaimbwa mu kila luga.

Kisha feza ya inchi ikaanguka. Tangu 1997 dola moja ilikuwa livre 1507. Mu 2023 ilipita 89000. Mutu mwenye alikuwa askari akilipwa karibu dola 800 kwa mwezi akajikuta na chini ya 100. Mu 2020 jeshi likaondoa nyama mu chakula cha maaskari. Mu 2021 lilianza kuwatembeza watalii mu helikopta zake, dola 150, ili lipate makuta. Muniamini, sitanii. Komanda Joseph Aoun akasema mbele ya watu wote kama maaskari wako na njaa kama wananchi wengine, na akawauliza wanasiasa wanangojea nini. Qatar ikaleta chakula, tani 70 kwa mwezi, na mu 2022 dola milioni 60 za mishahara. Mu Januari 2023 Marekani ikaweka milioni 72, na kupitia PNUD kila askari na polisi akapata dola 100 kwa mwezi, miezi sita.

Jeshi la taifa lenye kulipwa kupitia PNUD. Mimi niliposoma hiyo, nilifunga simu nikatoka inje kidogo. Juu tunajua, mu hii muji, mutu mwenye kubeba bunduki na tumbo tupu anafanya nini ku barrière. Sasa kitu chenye kinanishangaza mpaka leo: kule, jeshi halikugeuka. Wengi waliacha kazi, wengine walitafuta kazi ya pili saa za kupumuzika, lakini halikupasuka. Tarehe 14 Oktoba 2021 watu wa Hezbollah na Amal waliandamana kumupinga Tarek Bitar, muamuzi mwenye anachunguza ule mulipuko wa bandari ya Beirut wa 2020, wenye uliua watu zaidi ya 200. Risasi zilipigwa karibu na Ain el-Remmaneh, pale pale kulianzia vita ya 1975. Watu saba wakafa. Jeshi likaingia katikati. Kesho yake vita haikuanza. Hakuna mutu aliandika mu gazeti «leo vita haikuanza», lakini mimi naihesabu.

Njo maana sikubaliane na makamarade wenye wanasema kila musaada wa kijeshi ni ukoloni, ukatwe wote leo. Mu Lebanoni, ukiukata leo, wa kwanza kufurahi ni Hezbollah, wa pili ni kila mukubwa wa dini mwenye iko na bunduki chini ya kitanda. Zile dola 100 za PNUD, mimi nafikiri zilifanya kazi kuliko Bradley zote 32. Zilimufanya askari Mushia, Mukristo na Mudruzi abaki mu kambi moja, asirudi kwa mukubwa wa kijiji kuomba unga.

Sasa tuje ku mwaka huu. Munajua vita ya 2024: vyombo vya mawasiliano vyenye vililipuka mufukoni mwa watu tarehe 17 Septemba, Hassan Nasrallah wa Hezbollah akauawa tarehe 27, Walebanoni karibu 4000 wakafa, zaidi ya milioni moja wakakimbia makwao. Tarehe 27 Novemba mapigano yakasimamishwa. Tarehe 9 Januari 2025, kisha miaka miwili bila raisi, bunge likamuchagua Joseph Aoun, komanda yule yule wa maaskari wenye njaa. Waziri wa kwanza ni Nawaf Salam, na huyu anatujua: alikuwa mumoja wa waamuzi wa La Haye mu Februari 2022, wakati mahakama ilisema Uganda itulipe dola milioni 325 juu ya vita ya Ituri na Kisangani. Walishika kesi yetu, na sisi leo tunashika yao.

Tarehe 5 Agosti serikali ya Salam iliambia jeshi litayarishe mupango ili mbele mwaka uishe silaha zote zikuwe mu mikono ya serikali. Tarehe 7 ikakubali makusudi ya karatasi yenye mujumbe wa Marekani, Tom Barrack, alileta. Mawaziri Washia wakatoka mu chumba. Tarehe 9, maaskari sita wakafa mu bonde la Zibqin, kusini, wakiondoa silaha mu gala. Siku nne! Tarehe 5 ya mwezi huu jeshi lilileta mupango wake, mawaziri Washia wakatoka tena, serikali ikasema inaukaribisha, na mupango wenyewe ukawekwa siri.

Mimi naamini silaha za Hezbollah zinapaswa kuingia mu mikono ya serikali. Inchi haiwezi kuwa na majeshi mawili, na mutu wa Beni hahitaji kusomeshwa hiyo. Lakini muangalie kazi yenye wanaomba. Israeli ingali inakalia vilima vitano kusini na inapiga mabomu karibu kila juma, ijapokuwa mapigano yalisimamishwa. Mu hali hiyo wanamwambia askari, mwenye labda mama yake ni Mushia wa kijiji hicho, aingie nyumba kwa nyumba. Kalenda iliandikwa na watu wenye hawatakuwa pale. Kama jeshi likiingia na kulipasua kijiji, ni 1984. Kama likikataa, ile feza itakatwa na watasema Walebanoni hawana nia. Ningekuwa mimi mwanadiplomasia (na hakuna mwenye ataniajiri, wanaomba miaka mitano ya uzoefu kwa kazi ya kuingilia), ningeanza kinyume: mushahara wa askari ulipwe kwa miaka mitatu bila masharti ya kila mwezi, Israeli itoke ku vile vilima ili kile kisingizio kikufe, kisha njo tuzungumuze juu ya magala, na Washia wenyewe wakiwa ndani ya chumba. Ni polepole, najua. Wenye haraka walijaribu na manowari.

Kitu kingine chenye kinatugusa. ONU iko na kikosi kule, FINUL. Ile herufi I ni ya «intérimaire», ya muda mufupi. Iko pale tangu Machi 1978! Mwezi uliopita, tarehe 28 Agosti, Baraza la Usalama liliamua itasimamisha kazi tarehe 31 Desemba 2026. Hapa kwetu tulipiga kelele Monusco aende, na tulikuwa na sababu, watu walikuwa wanachinjwa kilometre chache ya kambi zake. Lakini Walebanoni wanauliza swali lenye na sisi tunapaswa kuuliza kwa nguvu ile ile: siku bendera ya buluu inashuka, nani analala mu ile kambi usiku huo? Monusco ilitoka Kivu ya Kusini mu Juni 2024. Mu Februari 2025 tuliona nani aliingia Bukavu. Sisemi moja ilileta ingine. Nasema jeshi lenye lingepaswa kuingia mu nafasi ile halikuwa tayari, na tarehe ilikuwa inajulikana tangu zamani.

Neno la mwisho, juu kuna kamarade aliniuliza mbele tuanze. Kweli, mu 2010 Marekani ilitia kampuni moja ya Kinshasa ku liste ya vikwazo, ikidai inapeleka feza kwa Hezbollah, na mu 2019 ikatia mufanyabiashara mwingine. Hayo ni mambo ya mahakama na ya watu wenye wanaweza kuonyesha karatasi. Tafazali, musiende kumuangalia Mulebanoni wa magazini ya avenu yenu kama vile yeye ni kikundi. Hamujui ni Mumaroni, Mushia ao ni mutu tu mwenye kuuza televizio. Tumetoka kuona inchi yenye kuumia juu kila mutu anahesabiwa ku jina la baba yake.

Uchaguzi wa bunge lao ulipangwa kwa Mei 2026, na wale vijana wa 2019 wengine watasimama. Nitaendelea kuwafuata, nitawaandikia ku page yetu vile wanaendelea.

Sasa maswali. Dada pale karibu na dirisha ameinua mukono tangu nilipotaja Doha, tuanze na yeye.